Kofia ya Masikio ya Punda

Watu wa mji wetu wakija dukani hupenda kuniambia kwamba mume wangu alikuwa simba. Mimi huitika ndiyo, nikawafungia pai zao, wakaenda. Ningewajibu ninavyotaka ningefukuza wateja, na duka lenyewe si langu. Ila hapa si dukani, kwa hiyo niacheni niseme. Dale Oldroyd hakuwa simba hata siku moja. Alikuwa mwanamume mwenye shingo nene na moyo laini, anayeogopa buibui mpaka kuniita mimi nije nimtoe bafuni, na kazi yake ilikuwa kugongwa.

Sisi hapa, kwenye vimji hivi vya Yorkshire vilivyochimbwa makaa ya mawe mpaka migodi ikafungwa, mchezo wetu ni raga ya ligi. Hatuna mwingine. Mtoto wa kiume akizaliwa na mapaja manene, manesi wenyewe husema huyu ni wa mbele. Dale alikuwa wa mbele, jezi namba nane, klabu ile ile aliyoichezea baba yake akitoka zamu mgodini. Wa mbele ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuubeba moja kwa moja kwenye ukuta wa watu. Wanamrukia watatu, wanne, wanamwangusha, anainuka, anausukuma mpira kwa kisigino umwendee mwenzake, halafu anarudi nyuma kujipanga aubebe tena. Mpira ukiwa kwa wapinzani, ni zamu yake kuwarukia wao. Mambo ya kukimbia pembeni, kufunga trai, ndiyo mabao ya raga, na kupigwa picha ni ya vijana wembamba wenye mafuta kichwani. Trai za Dale ningeweza kukusimulia zote, moja moja, na chai yako isipoe.

Klabu ilimwandikisha akiwa na miaka kumi na minane, mimi nikampata akiwa na ishirini. Nilijua naolewa na nini. Baba yangu alicheza, kaka zangu walicheza, na nyumbani kwetu plasta zilikaa kabatini pamoja na chumvi. Pua nilizizoea, mbavu nilizizoea, vidole vya kupindapinda nilivizoea. Kichwa ndicho ambacho hakuna aliyenifundisha kukiogopa.

Sasa niwaambie habari ya kofia. Ilikuwa kofia ya sufu ya kijivu, na juu yake mke wa mchezaji mmoja wa zamani alikuwa ameshona masikio mawili marefu ya punda. Kila Januari, kabla msimu haujaanza, mchezaji mmoja alirudi nayo kwake na kukaa nayo mwaka mzima. Dale aliileta kwetu zaidi ya mara moja. Ilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, na binti yetu Bryony, akiwa mdogo, aliivaa akinywa uji wake na kulia kama punda mpaka nimfokee. Nilimwuliza Dale anaipata kwa lipi. Akasema hupewa anayeshika mkia mbio za mlimani. Nikamwamini, maana mlima na Dale walikuwa hawaelewani, na nikamtania kwamba hata kondoo wa kule juu humpita.

Alipofika miaka thelathini na mbili nikaanza kuona mambo. Aliwasha jiko na kuweka birika tupu. Alikwenda kumchukua Bryony kwenye shule aliyokwisha kuihama. Mwanga ulimuuma, nikawa namkuta mchana kweupe amekaa jikoni na mapazia yamefungwa, mikono kichwani. Mezani alianza kutusimulia kisa kile kile cha jana, na Bryony, aliyekuwa na miaka tisa, akawa anamfuatisha kwa midomo bila sauti, mimi nikimkanyaga mguu chini ya meza. Sitasema aliwahi kutupiga, kwa sababu hakutupiga. Milango ndiyo iliyopigwa. Halafu alikuwa akikaa kwenye ngazi akilia, asijue analilia nini, na mimi nikakaa ngazi ya chini yake nikimshika kifundo cha mguu.

Nilimwambia ni kichwa. Akasema ni uchovu. Mama yake akasema marehemu baba yake naye alikuwa hivyo hivyo, wanaume wa kwao wana hasira. Nikamwuliza mama mkwe kama haoni kwamba wote wawili walivaa namba nane. Alinuna wiki nzima.

Ikaja mechi ya Ijumaa Kuu. Siku hiyo tunacheza na majirani zetu, na hakuna anayebaki nyumbani isipokuwa wagonjwa. Nilikuwa jukwaani na Bryony, tumekula chipsi zetu, mvua inanyunya. Dale aliinama kumkaba mtu miguuni, goti la yule mtu likampata hapa, penye panja. Alilala. Akainuka mwenyewe, akatembea taratibu, akaenda kujipanga kwenye safu ya majirani. Alisimama pale na jezi yetu nyekundu katikati ya jezi zao za buluu, mikono mbele, akisubiri apewe mpira. Jukwaa zima likacheka. Watu wetu hucheka lolote. Mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti kwamba wamchukue tu, tunawapa bure. Bryony hakucheka, alinishika koti. Mimi nikashuka zile ngazi nikiwasukuma watu, na nilipofika chini walikuwa wameshamtoa.

Siku iliyofuata aliniuliza matokeo tangu asubuhi. Nikimwambia tumeshinda anafurahi upya, anapiga meza. Nusu saa baadaye anauliza tena.

Siku ya Pasaka, nyama ikiwa bado kwenye oveni, nikamwambia basi. Nilimwambia sijaolewa ili nije nimlishe mtu kwa kijiko. Tulizozana mpaka Bryony akatoka nje na baiskeli yake. Dale alitaka misimu miwili zaidi, miwili tu, aicheze hadi mwisho wa mkataba na atoke kwa miguu yake. Sikumwelewa na nikamwambia simwelewi. Hapo akakaa chini, kwa mara ya kwanza tangu tuanze.

"Bila raga mimi ni nani, bibie?" akaniuliza. "Mnene tu anayeogopa buibui."

Nilimhurumia, na huruma ndiyo iliyotufikisha kwenye makubaliano. Klabu ilikuwa na daktari wake, Dakta Mirza, mama mmoja mtaratibu kutoka Bradford, na huyo alikuwa na kipimo cha kichwa. Nikasema kipimo ndicho kiamue. Kikionyesha kichwa kimepungua, hata kidogo, anaacha siku hiyo hiyo, bila mjadala. Kikionyesha ni kizima, mimi nafunga mdomo. Dale akasema haya, amekubali. Nikamtaka aape, akaapa kwa kichwa cha Bryony, na kwetu mtu haapi kwa kichwa cha mtoto kwa mchezo.

Jumanne tukaenda. Nilikaa kwenye ukumbi mwembamba unaonuka dawa ya kuchua, nje ya chumba cha daktari, na kabla hawajaanza Dakta Mirza alitoka kunieleza. Kila Januari, akasema, kila mchezaji hukalishwa mbele ya kompyuta akiwa mzima. Huonyeshwa maneno na kuyakumbuka, huonyeshwa karata, hubonyeza kitufe haraka awezavyo. Alama zake huwekwa. Akigongwa katikati ya msimu hurudia yale yale, na alama mpya hulinganishwa na za Januari. Zikishuka, hachezi. Akasema mashine haina urafiki na kocha. Haki ya Mungu, nilitaka kumkumbatia.

Dale alikaa humo muda mrefu. Nilisikia vitufe, kimya, vitufe. Mlango ulipofunguliwa alitoka Dakta Mirza peke yake, na uso wake ulikuwa na furaha.

"Hakuna tofauti, Bi Oldroyd," akasema. "Alama zake ni zile zile za Januari. Tena zimepanda, kidogo tu."

Nilitoa machozi pale pale. Akanipa karatasi ya kujifuta, akasema kuhusu usahaulifu na hasira tungoje, pengine ni usingizi, pengine ni mawazo ya mkataba, atampumzisha wiki tatu na kumtazama tena. Hakuna alilokosea yule mama. Alilinganisha alichopewa na alichopewa.

Dale alitoka baadaye. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Nilimpiga kofi la mapenzi begani, nikamwambia ameshinda, nimefunga mdomo, na nilitegemea anitambie njia nzima, kwa kuwa Dale akishinda hata karata nyumba nzima hatupumui. Hakutamba. Tulisimama kununua samaki na chipsi, hakuzigusa. Tulipofika nyumbani alimkumbatia Bryony mpaka mtoto akalalamika. Mimi nikadhani ni ile hofu inayomtoka mtu baada ya kupona. Nikaoka keki ya tangawizi anayoipenda.

Akacheza misimu yake miwili, na nusu ya mwingine juu yake. Sikusema neno. Aligongwa ugenini, aligongwa nyumbani, aligongwa na mwenzake wa timu mazoezini, na kila walipompima mashine ilisema ni yule yule wa Januari. Januari nayo ilipofika, kofia ilirudi msumarini kwetu. Mwisho kilichomwachisha raga ni goti. Kichwa hakuna aliyekitaja.

Klabu ilimwandalia chakula cha kumuaga, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wao wa juu wenye madirisha yanayotazama uwanja. Nyama choma ya ng'ombe, mchuzi, njegere, na yale maandazi yetu ya oveni ambayo mpishi aliyaunguza chini. Dakta Mirza alikuwa ameshahamia hospitali fulani, hakuwepo. Aliyesimama kuzungumza alikuwa Stu Womersley, rafiki wa Dale wa siku zote, namba kumi, mtu ambaye masikio yake yamefinyangwa na raga mpaka hayafanani na ya binadamu. Stu hajui kusema kwa ufupi. Alisimulia safari, pombe, na basi lililoachwa Ufaransa. Watu wakacheka. Akasema kuna jambo moja ambalo katika klabu hii hakuna aliyemfikia Dale Oldroyd, nalo ni Siku ya Ujinga. Wachezaji wote wakapiga meza.

Kwa kuwa akina mama tulikuwa tunatazamana, Stu akatueleza, kwa upole kabisa, kama anayeeleza mtu anavyofunga kamba za viatu. Siku ya kipimo cha Januari, akasema, hakuna mwenye akili anayejibu yote. Ukijibu yote umejimaliza, maana ukigongwa Machi utafikiaje alama hizo? Kwa hiyo wakubwa huwafundisha wadogo: ukiona neno unalikumbuka, liache lipite. Ukitaka kubonyeza, hesabu kidogo kwanza. Jifanye mjinga, ila usizidishe, daktari akashtuka akakurudisha. Atakayetoka na alama za chini kuliko wote bila kukamatwa ndiye anayepewa kofia ya punda. Na Dale, akasema Stu akiinua bilauri, Dale kwa ujinga alikuwa profesa.

Ukumbi ukalipuka. Hata kocha alicheka, hata mwenyekiti. Nilimtazama mume wangu upande wa pili wa meza. Alikuwa anacheka naye, ila alichelewa. Alianza wenzake walipokuwa wanamaliza, akiwa anawatazama nyuso zao ajue acheke kiasi gani.

Niliweka uma chini. Niliwatazama wale wanaume wote, wanene, wema, waliobeba jeneza la baba yangu mabegani mwao, na nikatamani niwapige mmoja mmoja kwa sahani. Walikuwa wamekitia kipimo mchanga kwa mikono yao wenyewe, wakakishonea na kofia.

Sikufanya fujo. Niliaga, nikamwongoza Dale mpaka kwenye gari, nikakaa kwenye usukani bila kuwasha. Mvua ilikuwa inapiga kioo.

"Ulisema ni mbio za mlimani," nikamwambia.

"Ningekwambia ukweli ungekwenda kwa daktari."

"Ningekwenda mbio. Na siku ile, Dale? Siku uliyoapa kwa kichwa cha mtoto. Siku ile nayo ulijifanya?"

Alikuwa anatazama mikono yake, vile vidole vyake vya kupinda, anavikunja na kuvikunjua.

"Siku ile sikujifanya, bibie," akasema. "Siku ile nilijitahidi mpaka jasho likanitoka. Nilitaka nipate nyingi, nikuonyeshe. Nilijibu kila nililolijua. Halafu nikaziona alama."

"Zikawaje?"

"Za punda. Zile zile."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema ningemzuia. Nikamwuliza kama hakuogopa. Akasema aliogopa sana, aliogopa kuliko siku yoyote uwanjani, na kwamba ni uwanjani tu ndipo hofu ile ilipokuwa inamwacha, kwa hiyo alirudi uwanjani. Aliyasema hayo taratibu na kwa mpangilio. Najua sasa kwamba ndiyo mara ya mwisho niliyozungumza na Dale mzima. Nilimkasirikia hata sikuweza kumshika mkono. Mkono huo naujutia, lakini wakati ule nilikuwa na haki ya kukasirika, na bado ninayo.

Tulipofika nyumbani niliitoa kofia msumarini, nikaitupa kwenye pipa la nje, nikaimwagia maganda ya viazi juu. Kesho yake gari la taka likaichukua.

Miaka iliyofuata siwezi kuisimulia yote, na hata ningeweza nisingependa. Alipata kazi ya ghala, akaipoteza. Akapata nyingine, akasahau njia ya kuiendea. Stu huja Alhamisi akampeleka kutembea kando ya mfereji, na huwa hanitazami usoni, na sijamwambia anitazame. Siku hizi Stu naye husahau funguo zake kwetu. Bryony amekuwa msichana mkubwa, anasomea unesi. Asubuhi moja alimpelekea baba yake chai, akarudi jikoni akasimama penye ule msumari, akaniambia baba amemshukuru vizuri sana na kumwuliza jina lake.

Mwezi uliopita tukaitwa Leeds, hospitali, kwa mtaalamu wa kumbukumbu. Dale ana miaka arobaini na minne. Nilimvalisha koti lake zuri. Daktari alikuwa kijana, sauti ya chini, kalamu mfukoni, na alianza kwa kumtajia Dale maneno matatu ayashike mpaka baadaye: kijiko, daraja, kondoo. Kisha akamwuliza ni mwaka gani. Dale akataja mwaka ambao Bryony alikuwa mtoto wa mikononi. Ataje miezi kwa kurudi nyuma, akaanza vizuri, Desemba, Novemba, akaishia hapo. Achore saa, akachora duara zuri, tarakimu zote akazirundika upande mmoja, na mishale hakuitia. Yale maneno matatu je? Dale akamtazama daktari, akatikisa kichwa, akatabasamu.

Tabasamu lile niliwahi kuliona. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi nisilie, nikiwa tayari kwa hofu yake, kwa aibu yake, hata kwa hasira. Kwa furaha ndiyo sikuwa tayari. Daktari akaomba radhi, akatoka kuchukua picha za kichwa chumba cha pili. Mlango ulipofungwa tu, Dale akaniinamia, shingo yote ile, macho yanang'aa.

"Umeona?" akaninong'oneza.

"Nimeona nini, mpenzi?"

"Sikumpa yote. Yale maneno yake matatu nilikuwa nayajua."

"Yalikuwa yapi?"

Akaweka kidole mdomoni. Akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika, kama walivyokuwa wakicheka akina Stu.

"Hata saa niliharibu makusudi," akasema. "Usimwambie. Jumamosi nacheza. Na kofia mwaka huu ni yangu tena, utaona."

Miguu ya daktari ikasikika inarudi. Akaingia na bahasha yake kubwa, akaketi, akatutazama wote wawili kwa upole. Akaniuliza mimi, kama mke, kama kuna jambo lolote ningependa alijue kabla hajaanza kutueleza. Dale alinishika mkono chini ya meza, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Hakuna," nikasema.